Idara ya Kiingereza na mawasiliano si gereji

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa wala sikukosa la kusema, ni kazi tu ya kukimbizana na habari za mpakani huku Tunduma, inachosha, na umeme nao una ratiba yake mwenyewe. Leo nimepata upenyo na nina jambo linanikera siku nyingi. Wale waliozoea siasa au Simba na Yanga leo mtanisamehe. Nataka tuzungumzie idara moja ya chuo ambayo karibu kila msomi wa Bongo kaipitia, na karibu wote tumeisahau mara tu baada ya mtihani. Naisema idara ya Kiingereza na mawasiliano.

Najua umeshaanza kucheka. Ndiyo hiyo hiyo! Ile ya komunikesheni skilzi.

Vyuo vinapofungua, kuanzia mwezi wa kumi hivi, vijana wa huku Chapwa wanafunga mabegi na kupanda mabasi. Wengine wanaishia Mbeya, kilometa mia moja hivi kutoka hapa, wengine Iringa, Dodoma, Dar. Huyu anakwenda kusoma uhasibu, yule ualimu, mwingine ununuzi na ugavi maana ndugu zake wako kwenye mambo ya forodha na wanamwambia huko ndiko kuna hela. Kila mtu na kozi yake. Lakini muhula wa kwanza wote wanakutana na kitu kimoja, stadi za mawasiliano. Hakuna aliyeomba chuo kwa ajili ya kozi hiyo. Ni kama chanjo ya utotoni, unachomwa, unalia kidogo, unasahau.

Chuo nilichosoma mimi (jina halina umuhimu, maana nimeuliza washikaji wa vyuo vingine vinne na hadithi ni ile ile) darasa hilo lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu. Ukumbi mmoja, kipaza sauti kimoja, tena chenye kukoroma. Wa mbele walisikia, wa katikati walikisia, wa nyuma walikuwa kwenye simu. Tulifundishwa kwamba mawasiliano yana mtoaji ujumbe, ujumbe wenyewe, njia na mpokeaji, na kwamba kuna vikwazo vya mawasiliano kama kelele na umbali. Jamani! Unafundishwa kikwazo cha umbali na mtu ambaye humwoni vizuri, kupitia kipaza sauti ambacho ndicho kelele yenyewe. Kisha lilikuja desa, kurasa kama arobaini za fotokopi, tukalikariri, tukaja kwenye mtihani wa kuchagua herufi A, B, C au D. Ukifaulu umepona, ukishindwa una sapu. Muhula mzima sikuandika barua hata moja ambayo mtu aliisoma na kunirudishia. Sikuandika ripoti wala sikusimama mbele ya watu kusema chochote kwa dakika tano. Nilipata B+.

Sasa ukisoma mpaka hapa utadhani nakuja kuwaponda wahadhiri wa idara hiyo. Hapana. Kwa mtazamo wangu wao ndio walioonewa kuliko wote pale chuoni, na ndio maana nimeamua kuandika.

Hebu fikiria kazi yao. Mhadhiri wa sheria ana wanafunzi wa sheria, wa uhandisi ana wa uhandisi. Huyu wa mawasiliano ana chuo kizima cha mwaka wa kwanza. Vyuo vingi havina hata shahada inayotoka kwenye idara hiyo, kwa hiyo haina wanafunzi "wake", haina wahitimu wa kujivunia, na fedha zikigawanywa inasubiri mkiani. Inaitwa idara ya huduma. Na huduma zenyewe hazina mwisho. Mkubwa akitaka hotuba inyooshwe Kiingereza, anaitwa mtu wa idara hiyo. Kipeperushi cha chuo kikikosewa ni yeye, mahafali yakihitaji mshereheshaji ni yeye. Halafu mhadhiri wa idara nyingine akisahihisha mtihani na kukuta sentensi haina kichwa wala miguu, anapiga meza: "Hivi hawa watu wa komunikesheni wanafundisha nini?" Anasema hayo kwa Kiswahili, na pengine lekcha yake ya asubuhi aliitoa nusu Kiswahili nusu ung'eng'e, kisha mtihani akautunga kwa Kiingereza kitupu.

Huku kwetu tunajua gereji. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita na kupanga foleni, na mafundi wa barabarani wanajua kutengeneza kila kitu. Lakini hata fundi hodari, ukimletea gari lililoendeshwa miaka kumi bila oili, ukampa saa moja na spana moja, atakuambia ukweli. Vyuo vyetu vimeifanya idara hii gereji ya namna hiyo. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza akikipata kama somo tu. Anaingia kidato cha kwanza, ghafla baiolojia, historia, jiografia na hesabu vyote ni kwa Kiingereza. Anakariri miaka minne, anakariri mingine miwili. Anafika chuo, tunampa muhula mmoja wa stadi za mawasiliano na kumwambia mwalimu, haya, mtengeneze.

Na wala si jambo jipya. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na watu walitarajia sekondari ingefuata. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilisema wazi mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kikipanda hadi chuo kikuu ifikapo 1992. Pendekezo hilo serikali haikulichukua. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu. Walichokuta ni kwamba kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Kuanza, ndugu yangu, si kumaliza! Na chuo kikuu, katika waliopimwa, wasiofika asilimia 20 ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao.

Ungetegemea nini baada ya ripoti kama ile? Mtu wa kawaida angesema tuchague moja. Ama Kiingereza kifundishwe kweli kweli tangu mapema, kwa walimu na vitabu, ama masomo yahamie Kiswahili na Kiingereza kibaki kama somo linalofundishwa vizuri. Kilichofanyika ni mradi. Mwaka 1987 ulianza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza sekondari kwa fedha za Uingereza, vikaja vitabu vya hadithi vya kusoma, na nasikia waliovipata walivifurahia. Mlimani nako kitengo cha stadi za mawasiliano kilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu wahadhiri walishaanza kulalamika kwamba wanafunzi hawamudu kusoma wala kuandika kwa Kiingereza cha chuo. Yaani kwa miaka zaidi ya arobaini tunaziba pancha ile ile.

Nataka uone hapo kitu. Idara hii ilizaliwa na uamuzi ulioahirishwa. Kila serikali inapoogopa kusema lugha ya elimu ni ipi, mzigo unashuka ngazi moja moja mpaka unamfikia mhadhiri mmoja mwenye kipaza sauti kinachokoroma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote na Kiingereza nacho kitatumika. Vyote viwili! Baadaye likaja toleo la 2023 la sera hiyo hiyo. Nenda leo sekondari yoyote ya kata hapa Tunduma usikilize kipindi cha fizikia, halafu uniambie ni lugha gani ile.

Wapo waliolisema hili kitaalamu muda mrefu. Martha Qorro na Casmir Rubagumya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika na kuandika. Na hawa ni walimu wa Kiingereza hasa, watu waliokuwa na kila sababu ya kutetea ulaji wao. Walimu wa Kiingereza ndio wamekuwa wakituambia kwamba kufundishia kila somo kwa Kiingereza hakumfundishi mtoto Kiingereza. Mwenye duka anakuambia bidhaa hii usiinunue hivi, wewe mteja unang'ang'ana!

Wenzetu Nairobi walikuwa na ugomvi wa aina nyingine, na naukumbuka kwa wivu. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, mahali pake pakae idara ya fasihi ambayo Afrika itakuwa katikati na Uingereza itakuwa pembeni kama nchi nyingine. Walishinda kwa kiasi kikubwa. Ngũgĩ amefariki Mei 2025, na watu wengi waliomlilia mtandaoni walikumbuka riwaya zake, lakini mimi namkumbuka zaidi kwa waraka ule. Wale waligombania idara isome vitabu gani, itazame dunia kutoka wapi. Sisi idara yetu hatujawahi kuigombania kwa lolote. Tuliikabidhi spana tukaondoka.

Sasa kuna jamaa najua atasema, kwa nini tusianze Kiingereza chekechea, tumalize kazi? Ndiyo maana shule za Inglishi Midiamu zimejaa mpaka huku kwetu. Mzazi anauza viazi au anabadilisha kwacha, anajinyima, mtoto avae soksi ndefu aseme "gudi moningi ticha". Simlaumu hata kidogo. Anaona wenye Kiingereza ndio wanaoajiriwa, na anatumia akili yake.

Lakini sisi watu wa Tunduma tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Jibu la swali hilo tunaliona kwa macho, ni kuvuka barabara tu. Wazambia, kwa Sheria ya Elimu ya 1966, walikifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Wakaenda nacho miaka thelathini. Mwaka 1996 sera yao wenyewe ya elimu ikakiri kwamba watoto hawajui kusoma, na kwamba kumfundisha mtoto kusoma kwa lugha asiyoijua ni sehemu ya tatizo. Mwaka 2014 wakaanza kutumia lugha saba za kwao kufundishia mpaka darasa la nne: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. (Kinyamwanga, kinachosemwa huku na huko ya mpaka, hakimo, na Wanyamwanga wa Nakonde wana haki ya kununa, ila hiyo ni makala ya siku nyingine.) Hao ndio tunaotaka kuwafuata kule walikotoka?

Usinielewe vibaya. Sisemi Wazambia hawajui Kiingereza. Dereva wa Lusaka anakiongea kuliko wahitimu wengi wa kwetu, na ofisa wao wa forodha akianza kushuka nacho utashika ukuta. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe Oktoba 2019 maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na wetu wengine wanaongea kwa tahadhari kama mtu anayetembea juu ya mayai. Aibu ile naijua. Kiingereza kinatakiwa, tena sana. Ninachosema ni kwamba hakiji kwa njia ya kukariri baiolojia.

Kuna na wale wa upande mwingine, wanaosema mbona vijana wa Chapwa wasiokwenda shule wanaongea Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kiingereza cha kuuzia, na mambo yanakwenda? Kweli yanakwenda. Kijana wa kubadilisha hela pale mpakani ni mwanamawasiliano kuliko mimi niliyepata B+. Anasoma uso wa mteja, anabadili lugha katikati ya sentensi, anajua lini anyamaze. Lakini mpe fomu ya kurasa nne ajaze. Mpe mkataba wa kukodi gari, au barua kutoka halmashauri inayomwambia kibanda chake kimo ndani ya hifadhi ya barabara na ana siku kadhaa za kupinga. Hapo mjanja wa mjini anageuka mtoto, anatafuta mtu wa kumsomea. Na anayemsomea, mara nyingi, ni kijana wa mtaani aliyetoka chuo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Huyu msomi wetu tuliyemsomesha anasoma barua, anakuna kichwa. Kiingereza hakimudu vizuri. Na Kiswahili je? Hicho ndicho tunachokwepa kukisema. Kiswahili cha maandishi rasmi nacho hajafundishwa tangu alipomaliza kidato cha nne! Chuo kimemfundisha "mawasiliano" kwa maana ya Kiingereza tu. Barua ya Kiswahili hajafundishwa, wala kumbukumbu za kikao, wala taarifa fupi ya kumweleza diwani tatizo la maji. Nimeshika barua ya maombi ya kazi ya mhitimu wa shahada iliyoanza kwa Kiingereza cha kunakili mtandaoni na kumalizika kwa Kiswahili cha kutumiana meseji. Siku hizi wanaandikiwa na programu za akili mnemba, barua zote zinafanana kama sare, na mwajiri akimwita mtu kwenye usaili anakutana na mtu mwingine kabisa.

Angalia mahakama. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, japo nafasi ya kutumia Kiingereza iliachwa pale haki inapohitaji. Hatua kubwa, wengi tulishangilia. Lakini mwanasheria huyo anasomea wapi kuandika hoja zake kwa Kiswahili? Anasoma sheria kwa Kiingereza, stadi za mawasiliano kwa Kiingereza, halafu siku ya kwanza kazini anatakiwa aandike Kiswahili ambacho mwananchi wa Momba atakielewa na hakimu hatakirudisha. Huo ni ufundi. Haumjii mtu usingizini kwa sababu tu kazaliwa Mswahili.

Na sisi waandishi ndio kichekesho kabisa. Vyuo vingi vinatusomesha uandishi wa habari kwa Kiingereza, tunaandika insha za nadharia za vyombo vya habari kwa Kiingereza, kisha sehemu kubwa ya ajira ipo kwenye redio, televisheni na magazeti ya Kiswahili. Taarifa ya wizara au ya shirika inakuja kwa Kiingereza saa kumi jioni, mhariri anaitaka saa kumi na moja, kwa Kiswahili. Hakuna aliyekufundisha kutafsiri. Unabahatisha. Ndiyo maana mnasoma habari zenye sentensi zilizopinda, eti mradi "utatoa msaada katika kuwezesha upatikanaji wa". Upatikanaji wa nini? Maji yatatoka au hayatatoka? Mama anayesikiliza redio hapa Chapwa anataka kujua hilo tu.

Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna wa kumfundisha uzalendo wa Kiswahili, alikaa Ikulu akatafsiri Shakespeare. Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi. Sijui alipata wapi muda, ila alituonyesha mtu anaweza kuishi ndani ya lugha mbili na kuzifanyisha kazi pamoja. Idara zetu za Kiingereza na mawasiliano zingeweza kuwa mahali pa kuzalisha watu wa namna hiyo. Wahadhiri waliosomea isimu wapo, waliosomea fasihi wapo, na ukikaa nao kantini utagundua wana mawazo mazuri kuliko desa wanalolazimika kufundisha. Mmoja aliwahi kuniambia, kwa unyonge kabisa, kwamba angependa kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kila wiki. Akapiga hesabu mbele yangu. Wanafunzi mia tatu, dakika kumi kila karatasi, ni saa hamsini za kusahihisha kwa wiki kwa kozi moja tu, na alikuwa na kozi tatu. Akacheka, akamaliza chai yake, akaenda kutunga maswali ya A, B, C, D.

Hesabu hiyo ndiyo sera nzima ya lugha ya nchi hii, ukitaka kuijua. Watu hawajifunzi kuandika bila kuandika na kusahihishwa. Hakuna njia ya mkato, wala mtandao hautaokoa. Kwa hiyo chuo kinachosema kinajali mawasiliano kionyeshe kwenye ratiba na kwenye ajira. Darasa liwe la watu thelathini, arobaini wakizidi. Saa za kusahihisha zihesabiwe kuwa kazi, kama zinavyohesabiwa saa za maabara kwa watu wa sayansi. Na mzigo usiachiwe idara moja. Mhadhiri wa uhasibu anayepokea ripoti isiyosomeka airudishe na kusema haisomeki, badala ya kutafuta namba, kutoa maksi na kwenda kulalamika kantini. Wakuu wa vyuo watasema hakuna bajeti. Sawa, lakini kila nikipita vyuoni naona geti jipya.

Kingine ambacho hakihitaji hata bajeti ni kuingiza Kiswahili kwenye kozi hiyo, nusu kwa nusu. Najua kuna wahadhiri watakunja uso, watasema Kiswahili kina idara yake. Kinayo, na inafanya kazi kubwa, lakini idara ile inafundisha wanaosomea Kiswahili. Nani anamfundisha mhandisi kuwaeleza wanakijiji wa Mpemba kwa nini barabara itapita kwenye shamba lao? Nani anamfundisha nesi kuandika tangazo la chanjo?

Nikipewa kutunga mtihani wa kozi hiyo, hata kwa muhula mmoja tu, ningefuta zile herufi nne. Ningempa mwanafunzi tangazo halisi la Kiingereza la kurasa tatu kuhusu masharti ya kuvusha mahindi mpakani, saa mbili, na karatasi tupu. Aniandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mama mwenye magunia kumi hapa Chapwa ataushika na kujua kesho aende dirisha gani, na karatasi gani mkononi. Kisha malalamiko ya mama huyo, aliyoyasema kwa Kiswahili chake cha kukasirika, ayageuze barua ya Kiingereza ya kwenda kwa ofisa wa upande wa pili. Na msahihishaji wa kwanza awe yule mama.

Haya wandugu, nina safari ya Vwawa mchana huu, kuna kikao cha mkoa na taarifa yao kama kawaida itakuwa kwa Kiingereza. Tutaonana.